Nilivyohamishia huduma zetu kwenye seva za ARM

Seva za wingu tunazilipia kwa dola huku wateja wakitulipa kwa shilingi, kwa hiyo lazima pawepo pa kubana. Safari hii nilibana kwenye prosesa yenyewe: nilizitoa huduma zetu kwenye mashine za x86 (familia ya prosesa za Intel na AMD) nikazipeleka kwenye ARM, familia nyingine ya prosesa. Mbele ilikuwapo nginx inayopokea maombi, nyuma yake API ya lugha ya Go, mfumo wa ofisini wa Django (Python), hifadhidata ya PostgreSQL, Redis ya kuweka data kwenye kumbukumbu, na kazi ya usiku inayotengeneza ankara za PDF. Kuwasha mashine mpya ni jambo la dakika chache. Kazi iko kwenye kila kitu kinachodhani bado kiko kwenye x86.

Hesabu ya umeme kwanza, maana nafuu ya bei inaanzia huko. Ampere Altra Q80-30 ina viini 80 na kikomo cha wati 210, kama wati 2.6 kwa kiini. AMD EPYC 7763 ina viini 64 na wati 280, karibu wati 4.4 kwa kiini. Mtetezi wa x86 atakwambia EPYC hiyo ina nyuzi 128, na ukigawa kwa nyuzi unapata wati 2.2. Sawa, ila uzi haulingani na kiini. Kwenye x86, vCPU mbili (vCPU ndiyo prosesa unayokodi kwenye wingu) kwa kawaida ni nyuzi mbili za kiini kimoja, wapishi wawili wanaogombea jiko moja. Kwenye Altra, na kwenye Graviton za AWS, kila vCPU ni kiini kizima. Tofauti hiyo utaiona mzigo ukipanda.

Kabla ya kukodi chochote nilikagua imeji za Docker, yaani vifurushi vya programu na kila inachohitaji. Kwa kila imeji tunayotumia niliendesha `docker buildx imagetools inspect` na kutafuta `linux/arm64` kwenye majibu (arm64, au aarch64, ni ARM ya biti 64; amd64, au x86_64, ni x86 ya biti 64). Nyingi zipo: nginx, redis, postgres, python, golang. Iliyokwama ni `mysql:5.7`, iliyobaki kwenye mfumo mdogo wa zamani; haina toleo la arm64, na muda wake wa kuhudumiwa uliisha Oktoba 2023. Tuliupandisha mfumo ule hadi MySQL 8.0 tukiwa bado x86, ukatulia, ndipo ukahama. Usibadilishe toleo na prosesa kwa wakati mmoja, kwani kikiharibika kitu hutajua ulaumu kipi.

Makosa mawili utakutana nayo, na maana zake ni tofauti. `no matching manifest for linux/arm64/v8` ni kwamba imeji haina toleo lako kabisa. `exec format error` ni kwamba imeji imeshuka vizuri lakini programu iliyomo ndani ni ya prosesa nyingine. La pili linasumbua zaidi, kwa sababu mara nyingi chanzo chake ni faili moja ambalo mtu alilipakua kwa `curl` ndani ya Dockerfile, likiwa na `amd64` kwenye jina lake. Tafuta neno hilo kwa `grep -rn "amd64\|x86_64"` kwenye hazina nzima ya msimbo, pamoja na skripti za usakinishaji. Mimi huko ndiko nilikopata sehemu kubwa ya kazi.

Kutengeneza imeji za prosesa mbili kuna njia ya mkato ambayo siipendi: kumwachia QEMU aigize ARM juu ya x86. Inafanya kazi, lakini kukompaili chochote cha C au Rust kunakuwa kwa kusota, na kuna programu zinazoanguka ndani ya QEMU ilhali kwenye ARM halisi ziko sawa. Kwa Go haina haja kabisa. Hatua ya kwanza ya Dockerfile inaandikwa hivi: `FROM --platform=$BUILDPLATFORM golang:1.22 AS build`, kisha `ARG TARGETARCH`, kisha `CGO_ENABLED=0 GOARCH=$TARGETARCH go build`. Kompaila inakimbia kwa kasi ya mashine yako na kutoa programu ya arm64. Kwa Django niliongeza mashine ndogo ya ARM kwenye buildx kupitia SSH (`docker buildx create --append --name <jina> --platform linux/arm64 ssh://...`), kila prosesa ikajijengea imeji yake. Tagi (jina la toleo la imeji) inabaki moja kwa zote mbili, na hiyo ndiyo bima: ukitaka kurudi x86, unarudi kwa tagi ileile.

Python ina mtego wake. Maktaba isipokuwa na kifurushi kilichokompailiwa kwa aarch64, pip (kisakinishi cha Python) inaanza kuikompaili hapohapo, na kwenye imeji ya `slim` isiyo na gcc inafeli. Unaweza kujua mapema ukiwa kwenye laptopu yoyote:

`pip download --only-binary=:all: --platform manylinux2014_aarch64 --platform manylinux_2_28_aarch64 --python-version 3.11 -r requirements.txt -d /tmp/w`

Kitakachokataa kushuka ndicho cha kushughulikia. Mara nyingi kupandisha toleo la maktaba kunatosha. Alpine niliiepuka, maana kwa maktaba ya msingi ya C inatumia musl badala ya glibc na inahitaji vifurushi vya aina yake. Usijiongezee ugomvi wa pili.

Majaribio ya API yaliponiangukia kwenye ARM, yalianguka kwa tofauti ya senti. Kompaila ya Go kwenye arm64 huunganisha `x*y + z` kuwa operesheni moja inayokadiria (kufupisha tarakimu za desimali) mara moja tu, wakati kwenye amd64 kwa kawaida inakadiria mara mbili, kwa hiyo tarakimu ya mwisho inaweza kutofautiana. Ukiandika `float64(x*y) + z` unaizuia. Dawa hasa ni kutoweka fedha kwenye desimali zinazoelea. Tulizigeuza kuwa namba kamili za senti. Ndugu yake wa karibu: kugeuza desimali hasi kuwa `uint` (namba kamili isiyokubali hasi) kunatoa sifuri kwenye arm64 na namba kubwa ya ajabu kwenye amd64. Na kwa wanaoandika C, `char` (aina ya data ya baiti moja) kwenye Linux ya ARM haina alama ya hasi. Kwenye x86 inayo. Bendera ya `-fsigned-char` inarudisha mazoea.

Habari hiyo ya `char` inatupeleka kwenye hifadhidata. Kunakili folda ya PostgreSQL kutoka x86 kwenda ARM, au kuunganisha nakala ya kimwili (inayofuata faili baiti kwa baiti), kunavutia kwa sababu seva inawaka bila kulalamika. Tatizo liko kwenye faharasa za `pg_trgm`, kiendelezi cha kutafuta maneno kwa vipande vya herufi tatu: mpangilio wake ulitegemea alama ya `char`, hivyo faharasa iliyojengwa x86 inaweza kukosa majibu kwenye ARM. Hitilafu hujitokeza kwenye herufi zilizo nje ya ASCII. Kiswahili hakina herufi za namna hiyo, kwa hiyo utatafuta majina ya Juma na Neema ukaona kila kitu sawa, mpaka atafutwe mteja wa Bujumbura aitwaye André. PostgreSQL 18 ndiyo iliyoanza kuandika hali hiyo ya `char` kwenye faili lake la udhibiti.

Nilitumia nakala ya kimantiki, inayotuma mabadiliko ya safu badala ya faili. Weka `wal_level = logical` (inahitaji kuwasha seva upya), peleka muundo kwa `pg_dump --schema-only`, fungua `PUBLICATION` upande wa zamani na `SUBSCRIPTION` upande mpya, subiri ifikie. Jedwali lisilo na ufunguo wa msingi litakataa `UPDATE` hadi uliwekee `REPLICA IDENTITY`. Hesabu za `sequence` (zinazotoa namba za funguo kwa mfuatano) hazikuhamishwa na nakala hiyo: kabla ya kubadilisha seva, endesha `setval` kwa kila moja, la sivyo ingizo la kwanza litagongana na funguo zilizopo. Kwa hifadhidata ndogo, `pg_dump` na `pg_restore` usiku vinatosha.

Redis nusura ingetupotezea muda kwa jambo la nje yake. Baadhi ya mifumo ya ARM, RHEL 8 ikiwemo, hutumia kurasa za kumbukumbu za KB 64 badala ya 4. Programu yenye jemalloc (maktaba ya kugawa kumbukumbu) iliyokompailiwa kwa KB 4 inakataa kuwaka: `Unsupported system page size`. Angalia kwa `getconf PAGESIZE`. Nilichagua Debian, yenye 4096.

Vipimo nilifanya kwa `wrk`, chombo cha kutuma maombi mengi, kutoka mashine nyingine, nikipandisha mzigo kidogo kidogo huku nikitazama muda wa majibu wa p99 (ambao maombi 99 kati ya 100 hayauzidi), halafu nikagawa maombi kwa bei ya mwezi. Usilinganishe ARM na x86 kwa kazi ya uzi mmoja: ankara yetu moja ya PDF ilitoka polepole kidogo kwenye ARM, ila kwa kuwa zinatengenezwa nyingi kwa pamoja, viini vingi vilifidia. Usijaribie TLS (usimbaji wa mawasiliano) kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 pia, kwani chipu yake ya ARM haina maelekezo ya usimbaji wa AES na itakudanganya. Kwa sababu kila vCPU ni kiini, niliruhusu CPU ifike asilimia 70 kabla ya kuongeza mashine. Kwenye x86 nilikuwa naongeza kwenye 50.

Trafiki niliihamisha kwa nginx: `weight=9` kwa x86, `weight=1` kwa ARM, nikipandisha kila logi zikitulia.

Kimoja kilibaki nyuma: maktaba ya kuunganisha malipo tunayopewa ikiwa imeshakompailiwa, ya x86 pekee. Ina mashine yake ndogo ya x86, inafikiwa kwa WireGuard (mtandao binafsi uliosimbwa), na haina kazi nyingine. Kila wanapotuma toleo jipya naendesha `file`, amri inayotaja aina ya faili, juu ya `.so` yao, yaani faili la maktaba hiyo. Bado inajibu `x86-64`.