Siku Niliyoomba Amri ya Matunzo Ibadilishwe

Amri ya kwanza ya matunzo, yaani agizo la mahakama kwamba baba atoe fedha za mtoto kila mwezi, ilitolewa mwanangu akiwa bado ananyonya, na kiasi kilichowekwa kililingana na mahitaji ya mtoto wa umri ule. Alipofika umri wa kuanza shule, tayari akiwa amegundulika kuwa na pumu, fedha zile zile zilikwisha kabla ya nusu ya mwezi. Jamaa walinisihi nielewane na baba yake nyumbani. Nilikuwa nimeshazungumza naye. Alikubali kuongeza, akaongeza kwa muda, kisha akarudia kiasi cha zamani, nami sikuwa na la kumdai, kwa kuwa kinachotambulika ni kile kilichoandikwa katika amri hadi mahakama yenyewe ikibadilishe.

Nilipokwenda masijala kuuliza utaratibu, karani, mama wa makamo, aliniambia jambo ambalo namshukuru kwalo hadi leo. "Mama, usiandike tu kwamba maisha yamepanda, hilo kila mtu hulisema. Andika kilichobadilika kwa mtoto tangu siku ya amri, na kila unachokitaja kiwe na karatasi yake." Hati yangu ya kiapo niliiandika hivyo: ada ya shule, cheti cha daktari, dawa, na mapato yangu mwenyewe bila kuficha kitu.

Siku ya kusikilizwa, hakimu alizipitia risiti za duka la dawa moja baada ya nyingine, na zile ambazo wino wake ulikuwa umefifia akaziinua kwenye mwanga wa dirisha ili azisome. Kisha akamgeukia baba wa mtoto na kumuuliza dawa ya kuvuta ya mtoto hudumu kwa muda gani. Hakuwa na jibu. Nadhani swali lile lilifanya kazi kubwa kuliko maelezo yangu yote, kwa sababu tangu hapo hakuna aliyebisha tena kwamba gharama zile zilikuwapo.

Alijitetea kwamba sasa ana mtoto mwingine wa kulea. Sikuona vibaya kulisikia hilo; yule naye ni mtoto, na mahakama haina budi kupima uwezo wa mzazi sambamba na mahitaji ya mtoto. Hata Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, katika ibara ya 27, unawapa wazazi wajibu wa kwanza wa kumpatia mtoto hali ya maisha anayohitaji ili akue, kwa kadiri ya uwezo wao. Ila uwezo nao huthibitishwa, na hakimu alimtaka atoe hati zake za mshahara kama nilivyotoa zangu.

Uamuzi ulikuwa mfupi. Kiasi cha mwezi kiliongezwa, ingawa hakikufikia nilichoomba, na gharama za matibabu tukaamriwa kuzigawana nusu kwa nusu. Baba yake aliomba malimbikizo ya nyuma, yaani fedha za amri ya zamani ambazo hakuwa amezilipa, yafutwe, lakini hakimu alikataa akisema kwamba fedha hizo ni haki ya mtoto, na kwamba amri mpya haifuti deni la amri ya zamani. Akamruhusu alilipe kidogo kidogo. Ombi lake la mwisho lilikuwa tarehe ya malipo isogezwe hadi baada ya siku ya mshahara wake. Hilo nililikubali pale pale, likaandikwa ndani ya amri.