Taa ya injini ikiwaka, soma takwimu kabla ya kununua sensa

Kuna pesa nyingi zinazopotea bure hapa Nakuru, na inaniuma: taa ya injini inawaka, mashine ya kusoma hitilafu inatoa namba P0171, na sensa mpya ya oksijeni inanunuliwa hata boneti haijafunguliwa. P0171 haisemi sensa imekufa. Inasema hewa ni nyingi kuliko petroli, na mara nyingi sensa hiyo ndiyo shahidi anayesema kweli.

Soketi ya matundu 16 iko chini ya dashibodi, upande wa dereva. Chomeka adapta ya ELM327, kifaa kidogo cha kusoma hitilafu, washa swichi, unganisha na kompyuta ya gari. Andika namba ya hitilafu pamoja na takwimu zilizohifadhiwa ilipotokea: joto, mwendo, mzunguko wa injini. Ukifuta kwanza, ushahidi huo umekwenda.

Injini ikishapata joto, tazama marekebisho ya petroli, yaani asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza petroli, ya muda mfupi na ya muda mrefu, uyajumlishe. Kati ya -10 na +10 kwa mia hakuna neno. Yakiwa +20 bila kukanyaga mafuta, kisha yakashuka hadi +5 kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, kuna hewa inayopenya, pengine kwenye mpira uliopasuka baada ya sensa ya kupima hewa. Injini ikivuta hewa kidogo, tundu hilo lina uzito. Ikivuta nyingi, halionekani. Yakipanda kadiri unavyokanyaga, shuku pampu, chujio la petroli au sensa ya hewa iliyoshika uchafu.

Halafu kuna mwinuko wetu, ambao maelezo mengi ya ugenini hayaufikirii. Swichi ikiwashwa injini ikiwa imezimwa, sensa ya shinikizo la hewa husoma hewa ya nje. Mombasa utaona kama kilopaskali 101. Nakuru, kwenye mita 1,850 hivi, ni takriban 81, Kisumu, 88. Kwa hiyo 81 si ubovu. Ikisoma 101 hapa kwetu, hapo ndipo pa kuishuku.

P0301, yaani silinda ya kwanza haichomi petroli sawasawa, ni rahisi zaidi: hamisha koili ya silinda ya kwanza, inayopeleka umeme kwenye plagi, hadi ya pili, futa namba, endesha. Ikirudi P0302, ya silinda ya pili, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0301, geukia plagi, kisha injekta.

Na adapta isipopata jibu, ijaribu kwenye gari jingine kabla ya kuitupa. Baadhi ya magari ya zamani yaliyotengenezewa soko la Japani yana soketi ileile lakini hayaitikii programu za kawaida.