Mchawi wa msituni na simba wa kutumwa

Nimeangalia muvi ya kutisha, The Witch ya mwongozaji Robert Eggers, ile ya 2015, na bado haijanitoka kichwani. Watu walishaniambia inachosha, mara wanasali, mara wanapasua kuni, hakuna kitu. Mimi naona utamu wake uko hapohapo. Ni miaka ya 1630 huko New England, koloni za Waingereza kwenye Marekani ya leo, baba kabishana na wenzie mambo ya dini mpaka kafukuzwa na familia yake, wanaenda kujenga pembeni ya msitu, mahindi yanaoza, halafu binti mkubwa Thomasin anamchezea mdogo wake, anafumba macho, anafumbua, kitoto hakipo.

Mchawi mwenyewe tunaonyeshwa mapema tu, ila kilichonitisha zaidi ni mle ndani ya nyumba. Baba kauza kikombe cha fedha cha mkewe kimyakimya, mama anamsakama Thomasin kuhusu hicho kikombe na baba yupo, kanyamaza! Na kuna siku Thomasin kamtishia mdogo wake kwa utani kwamba mimi ndo mchawi wa msituni, sasa mambo yalipoharibika ule utani ukageuka ushahidi. Hapo nilisimamisha muvi nikanywa maji kwanza.

Maana haya sisi watu wa kusini tunayajua. Huku Mtwara na Lindi kipindi cha mavuno watu wanalala shambani kwenye dungu kulinda mazao na nguruwe pori, na simba anawafuata haohao nguruwe, anamkuta mtu. Utafiti uliotoka 2005 ulihesabu watu zaidi ya 560 waliouawa na simba Tanzania tangu 1990, na Lindi ni kati ya sehemu zilizoumia sana. Bibi yangu usiku alikuwa hataki simba atajwe jina, ukimtaja anakukatisha, anasema "yule". Na mtu akishaliwa hakuna anayezungumzia nguruwe, watu wanaanza kuulizana simba huyu katumwa na nani, ndo linaibuka neno ambalo jirani alilisema zamani wakigombea mpaka wa mikorosho, neno la hasira tu, na kuanzia hapo yule jirani hana raha tena pale kijijini.

Natamani sana mtu atengeneze muvi ya hivyo. Simba asionekane hata nusu saa ya kwanza, tuone dungu, mlango wa gunia, moto unafifia na mama anahesabu watoto waliolala. Na waongee Kimwera au Kimakonde chenyewe, maandishi ya Kiswahili yapite chini, kama Eggers alivyowaongelesha watu wake Kiingereza cha zamani, mengine kayatoa kwenye shajara na kumbukumbu za mahakama za enzi hizo. Sisi wazee wanaojua hizo habari bado tunao, waendewe sasa hivi wakiwa hai.