Nilivyoipitisha kalavati ya 1200 kwa ripoti ya IPCC, baada ya kuumbuka kwanza

Kila semina ya tabianchi niliyowahi kukalishwa ilinipa ushauri uleule: anza na picha kubwa. Eleza nyuzi joto 1.5, weka ramani ya dunia iliyoiva nyekundu, halafu ndipo ushuke kwenye halmashauri yako. Niliufuata ushauri huo mara moja, na sirudii tena. Kamati yenye ajenda kumi na moja na chai iliyochelewa haina shida na dunia. Inataka kujua ni shilingi ngapi, mtaa gani, na kwa nini mwaka huu.

Chetu kilikuwa kidogo tu. Kalavati ya bomba moja la milimita 900, mtaa wa bondeni karibu na pwani, na kila masika maji yanapita juu ya barabara badala ya kupita chini yake. Barabara hizi tangu 2017 ziko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini Tanzania, kwa hiyo afisa mazingira kama mimi sina bomba wala saruji. Nina mdomo. Watu wa kuwashawishi walikuwa mhandisi anayekokotoa na madiwani wanaopanga kipi kitangulie. Nilitaka bomba la 1200.

Kosa la kwanza wanalofanya wengi, mimi nikiwemo, ni kukimbilia ripoti isiyo yake. Tathmini ya sita ya IPCC, jopo la kimataifa la tabianchi, ina vitabu vitatu. Cha pili, kilichotoka Februari 2022, ndicho kinachozungumzia athari, na sura yake ya 9 ni ya Afrika, kwa hiyo mtu anajitosa humo na kuzama: marejeo yake tu yanazidi 34,000. Kizuri kwa kujua nani ataumia na kwa nini. Lakini tarakimu za mvua ya kukokotolea bomba ziko kwenye kitabu cha kwanza, cha Agosti 2021, tena kwenye muhtasari wa watunga sera, penye mchoro wa mvua kubwa ya siku moja ambayo zamani ilikuja kwa wastani mara moja kila miaka kumi. Dunia ikiongezeka nyuzi 1, mvua hiyo inaongezeka uzito kwa asilimia 6.7. Kwa nyuzi 2, asilimia 14. Kwa nyuzi 4, asilimia 30.2. Ni wastani wa nchi kavu duniani kote, si wa mtaa wako, na lazima useme hivyo kabla hujaulizwa.

Jambo moja nililofanya sawasawa: sikutumia zile hali tano za kukisia dunia itatoa gesi joto kiasi gani, zenye majina kama SSP2-4.5. Ukishazitaja, kikao kinageuka mjadala wa Wachina na Wamarekani watachoma makaa kiasi gani. Taja kiwango cha joto tu. Nyuzi 2 ni makadirio ya kati ya IPCC kwa miaka ya 2041 hadi 2060 kwenye ile hali ya katikati, na bomba la zege unalolaza leo litakuwa bado liko ardhini muda huo. Kuna anayependa kuchukua hali ya kutisha kuliko zote na mwaka 2100. Kalavati haiishi hadi huko, na mhandisi analijua hilo kuliko wewe.

Sasa aibu yenyewe. Mhandisi alinipa hesabu yake bila hiyana. Eneo linalomwaga maji kwenye kalavati ni hekta 24. Mvua ya kukokotolea, kutoka kwenye jedwali lake, milimita 60 kwa saa. Sehemu ya mvua inayotiririka badala ya kuzama, wao wanaiita C, 0.40. Zidisha zote tatu, gawanya kwa 360, unapata mita za ujazo 1.6 kwa sekunde. Bomba la 900 lililolazwa kwa mwinamo wa asilimia 1, likiwa safi, linapitisha 1.81. Linatosha.

Mimi nikachukua ile asilimia 14, nikaipachika juu ya 60. Nikapata 68.4, na maji 1.82. Ya 1.81 imezidiwa! Niliona kama nimeokota dhahabu. Nikaichapa kwa herufi nene, nikatengeneza slaidi yenye kishale chekundu, nikaenda ofisini kwake nikiwa nimeshajiandaa kupokea pongezi. Akaisoma taratibu, akavua miwani.

"Ndugu yangu, asilimia 14 kuanzia lini?"

Kuanzia lini. Kumbe asilimia zile zote zinapimwa kutoka 1850 hadi 1900. Jedwali lake la mvua halikupimwa enzi za wakoloni wa Kijerumani, limetokana na vipimo vya dunia ambayo tayari imeshapata joto: muongo wa 2011 hadi 2020 ulikuwa juu kwa nyuzi 1.1. Nilikuwa nimehesabu ongezeko lililokwisha kutokea mara ya pili. Hesabu halali ni 1.14 ya nyuzi 2 gawanya kwa 1.067 ya nyuzi 1, yaani ongezeko la kama asilimia 7 kutoka leo. Milimita 60 inakuwa 64.2, maji yanakuwa 1.71, na bomba la 900 linapita mtihani huku linacheka.

Akaniongezea na la pili, kwa upole unaouma: tarakimu ile ni ya mvua ya siku nzima, na kalavati ya hekta 24 inajazwa na mvua ya nusu saa. Hapo angalau nilikuwa na jibu. Hewa hubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7 kila joto linapopanda nyuzi 1, na kutoka 1.1 kwenda 2 kuna kama nyuzi 0.9, kwa hiyo unarudi palepale kwenye 6 au 7. Mvua fupi zinaweza kuzidi hapo, ila sikutaka kujenga hoja juu ya "zinaweza".

Nilikaa na hiyo karatasi siku mbili tatu nikiona kazi imeisha. Kilichoniokoa kilikuwa kwenye fomula ileile, herufi ambayo sikuwa nimeigusa. C.

Hapa ndipo kile kitabu cha pili, cha athari, kinapolipa. Humo athari haitokani na mvua peke yake. Inatokana na mvua, pamoja na nani na nini kimekaa njiani, pamoja na udhaifu wa mahali penyewe. Kwenye kalavati hayo si maneno ya semina. Nilichukua picha ya setilaiti ya bonde, nikachora mpaka wa zile hekta 24, nikaugawa kwa miraba, nikahesabu mapaa ya mabati, lami na sakafu ngumu. Mtendaji wa mtaa akanisaidia kusahihisha, maana miti ya miembe inaficha nyumba nzima. Sehemu ngumu nikaipa 0.9, shamba na mchanga 0.2. Wakati wa usanifu wa zamani sehemu ngumu ilikuwa kama 29 katika 100, ambayo inarudisha ileile 0.40 ya mhandisi. Sasa ni 43 katika 100. C inakuwa 0.50.

Rudia hesabu kwa 0.50, 64.2 na 24. Mita za ujazo 2.14. Bomba la 900 limeshindwa, na safari hii bila ujanja. Ukiondoa tabianchi kabisa, ukabakiza mabati peke yake, unapata 2.0, bado limeshindwa. Nilimwonyesha mhandisi zote mbili, nikamwambia mwenyewe kwamba mchango wa tabianchi hapa ni mdogo kuliko wa mabati. Nadhani hapo ndipo aliponiamini.

Na bado mchanga. Bomba la duara likijaa mchanga hadi robo ya kimo, limepoteza karibu moja ya tano ya uwazi wake, kabla hujahesabu chupa za plastiki. La 1200 kwa mwinamo uleule linapitisha 3.9, kwa hiyo hata likichafuka linabaki na akiba. Niliulizwa kwa nini tusiweke mawili ya 900, yanapitisha 3.6 kwa pamoja. Kwa hesabu yanatosha, ila midomo miwili midogo inanasa taka haraka kuliko mmoja mpana. Upande wa pili wa shilingi, bomba pana linataka udongo wa kutosha juu yake, hivyo barabara ikabidi iinuliwe kidogo, na upande maji yanapotokea tukaongeza sakafu ya mawe, la sivyo unamhamishia jirani wa chini korongo. Kama mdomo unatokea kwenye mikoko, nenda kapime wakati wa bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida. Bahari nayo inapanda, makadirio ya wastani wa dunia ni kama sentimita 20 kufikia 2050 ukilinganisha na 1995 hadi 2014, na bomba linalomwaga kwenye maji yaliyojaa halimwagi, hata liwe pana vipi.

Kuhusu gharama, watu wanaogopa bure. Bomba lenyewe ni ghali zaidi, ndiyo, lakini kuchimba, usafiri, kuta za midomo na vibarua vinabaki karibu vilevile. Yetu ilizidi kwa milioni chache, siyo mara mbili kama ilivyovumishwa.

Madiwani ni mlima mwingine, na hapo lugha ndiyo iliyoniangusha mara ya kwanza. IPCC wanapoandika "likely" wamepima: nafasi ya 66 katika 100 au zaidi. "Very likely" ni 90 kwenda juu. Mimi nilitafsiri ya kwanza kuwa "huenda". Mheshimiwa mmoja akanyoosha mkono: kama ni huenda, basi tusubiri iwe hakika, fedha ziende kwenye zahanati. Alikuwa na haki yake, huenda ya Kiswahili ni ya mtu asiyejua. Siku hizi nasema "mara mbili katika kila tatu, au zaidi ya hapo". Na wakiandika uhakika wa juu au wa kati, hiyo si asilimia ya kutokea. Ni kipimo cha ushahidi ulivyo mwingi na wataalamu wanavyokubaliana. Usizichanganye mbele ya mtu aliyewahi kufundisha hesabu, na kila baraza lina mwalimu mstaafu.

Mwalimu wetu alikuwa na swali zuri: mbona kulikuwa na miaka masika yakipungua, na ninyi mnasema mvua itaongezeka? Ni kweli, kupungua kwa masika Afrika Mashariki kulipimwa, na mifano mingi ya kompyuta inaonyesha kinyume chake mbele ya safari. Wanasayansi wenyewe wanagombana nalo. Sikujaribu kulitatua. Nilimjibu kwamba jumla ya msimu ni kitu kimoja, na ukali wa saa moja ni kingine. Msimu unaweza kuwa mkavu na bado siku mbili zikabomoa barabara. Kalavati inazijua hizo siku mbili.

Kilichowakamata hasa ni tarakimu moja nyingine ya mchoro uleule: mvua iliyokuwa ikija mara moja kwa miaka kumi enzi za 1850 hadi 1900, dunia ya nyuzi 2 inaileta mara 1.7. Nikasema: kutoka kila miaka kumi hadi kila miaka sita hivi, ndani ya vipindi viwili vya udiwani. Kicheko kikapita, kalamu zikashikwa.

Kwenye kitabu cha bajeti kimeandikwa kifungu kimoja, kalavati ya kipenyo cha milimita 1200, pamoja na fedha ya kuzoa mchanga kabla ya Machi na kabla ya Oktoba. Neno tabianchi halimo. Ile fedha ya mchanga ndiyo iliyonichosha zaidi, maana kila mwaka inataka kukatwa kwanza.

Mwenye nia ya kujaribu, barua ya kuomba takwimu za mvua Mamlaka ya Hali ya Hewa ipeleke Septemba, usingoje maandalizi ya bajeti yaanze. Ukizipata, tafuta kwanza siku zilizoachwa wazi, kwa sababu programu ya jedwali inaweza kuzihesabu kama sifuri, na mwaka wenye Aprili yenye mapengo uutupe mzima. Ukibaki na miaka 29, chukua siku yenye mvua kubwa kuliko zote ya kila mwaka, zipange kutoka juu. Ya tatu ndiyo mvua yako ya miaka kumi: 29 jumlisha 1, gawanya kwa 3.