Saa ya mazoezi kwa mtu anayekimbia na kuogelea

Mtu anayekimbia kwa kujifurahisha na kuogelea anapopata nafasi hahitaji saa ya bingwa. Kwa upande wa kukimbia, karibu kila saa ya mazoezi iliyopo sokoni itamtosha, lakini tofauti hujitokeza anapoingia bwawani. Kwa sababu hiyo nashauri uchaguzi uanzie majini.

Alama ya kutafuta ni 5 ATM, yaani saa imepimwa kwa shinikizo lililo sawa na la kina cha mita 50 ikiwa imetulia, jambo ambalo halina maana kwamba unaweza kupiga nayo mbizi hadi huko. Iliyoandikwa IP68 pekee ni habari nyingine, kwani kipimo hicho kinahusu kuzamishwa katika maji matulivu, si mkono unaochapa maji kwa muda mrefu.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hulipita ni namna umbali unavyohesabiwa. Mawimbi ya GPS hayapenyi maji, kwa hiyo bwawani saa haitegemei setilaiti: wewe huiambia urefu wa bwawa, nayo hufuatilia mwendo wa mkono, hutambua unapogeuka na kujisukuma ukutani, kisha huzidisha idadi ya safari zako kwa urefu huo. Ukisimama katikati kumpisha mwenzako, huenda ikadhani umegeuka. Ukishika ubao na kupiga miguu tu, mkono umetulia, na saa haioni kuogelea kokote. Kwa hiyo mimi huuliza kwanza kama urefu wa bwawa unaweza kuandikwa wowote, maana si kila bwawa lina mita 25 au 50, na kama umbali wa mazoezi ya miguu unaweza kuongezwa kwa mkono. Baharini au ziwani, saa hupata setilaiti pale tu mkono unapoibuka, ndiyo maana mstari wa ramani huyumba, na kwa anayeogelea kwa mtindo wa chura, ambaye mikono yake hukaa majini karibu muda wote, huyumba zaidi.

Usikubali saa isiyo na kitufe hata kimoja cha kubonyeza. Skrini iliyolowa hujibonyeza yenyewe au hukataa kidole kabisa, na kusimamisha muda huku unahema ukutani huwa adha.

Mapigo ya moyo husomwa kwa mwanga wa kijani unaomulika damu chini ya ngozi, na maji yakipenya kati ya saa na ngozi, namba huharibika. Hata nchi kavu, mkanda ukilegea saa inaweza kuchanganya mdundo wa hatua na mapigo, ikakuonyesha 170 wakati unakimbia polepole huku ukiongea bila shida. Anayetaka usahihi atumie mkanda wa kifuani, unaosoma umeme wa moyo. Ila mawimbi ya Bluetooth nayo hayafiki mbali majini, hivyo mkanda wa kuogelea nao uwe na kumbukumbu yake yenyewe ya kuhifadhi mapigo. Kwa mtu wa kawaida naona hiyo ni gharama isiyo ya lazima.

Kwa kukimbia, swali kubwa ni kama saa ina GPS yake au inaazima ya simu. Anayechukia kubeba simu ameshapata jibu. Siku za chaji zinazotangazwa huhesabiwa kwa matumizi mepesi, kwa hiyo soma betri hudumu kwa saa ngapi GPS ikiwa imewashwa. Kalori ni makadirio tu, na lengo la hatua 10,000 lilienea kutokana na biashara ya kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, si kutokana na utafiti wa tiba.

Kabla ya kulipa, angalia kama takwimu zako zinafunguka bila ada ya kila mwezi, na kama mkanda ni wa silikoni unaobadilishika. Wa ngozi huoza kwa maji, na klorini iliyoganda chini ya mkanda wowote huwasha, hivyo suuza saa kwa maji safi kila utokapo bwawani na uikaushe kabla ya kuivaa tena.