Siku moja na gramu 2 za LaNi5

Saa 2 asubuhi mikono iko ndani ya kisanduku cha glavu kilichojaa argoni. Oksijeni na mvuke wa maji visizidi sehemu 1 kwa milioni. Napima gramu 2 za LaNi5, aloi ya lanthani na nikeli ya kuhifadhia haidrojeni, na kuzitia kwenye kikombe cha chuma cha pua, nusu tu. Aloi hii ikinyonya haidrojeni huvimba kwa karibu asilimia 25. Ukijaza hadi mdomoni, unga hugandamana na kutanua kikombe. Mdomoni naweka chujio laini, maana kila mzunguko chembe hupasuka tena, na unga ukifika kwenye vali, vali haifungi.

Saa 3: heliamu, baa 30, dakika 40. Aloi hainyonyi heliamu, hivyo presha ikishuka na joto la chumba halijabadilika, kuna mahali panavuja.

Saa 4 na nusu, kuamsha aloi. Ombwe kwa nyuzi 80, kisha naipoza na kuingiza haidrojeni safi ya asilimia 99.999. Mwanzoni geji haitikisiki, pengine hata nusu saa: utando wa oksaidi umefunika chembe. Subira ndiyo dawa. Chembe za kwanza zikipasuka, uso mpya unabaki wazi, presha inaanza kushuka na kikombe kinapata moto. Narudia kunyonyesha na kutoa hadi kasi isiongezeke tena.

Saa 8 mchana ndiyo vipimo vyenyewe, yaani aloi inanyonya haidrojeni kiasi gani, na hapa ndipo wengi hukosea. Gramu 2 hushika miligramu 28 tu za haidrojeni, karibu mililita 310 za gesi, lakini kila moli hutoa takriban kilojuli 31 za joto. Kwa nyuzi 25 aloi hunyonya kwenye baa 2 hivi. Ikifika nyuzi 60 inadai zaidi ya baa 6. Maji ya kupoza kikombe yakisimama, inaacha kunyonya kabla haijashiba, na mtu anaandika kwamba aloi imechoka! Kwa hiyo gesi naiingiza kidogo kidogo, na dozi mpya inasubiri joto lirudi nyuzi 25.

Magnesi hubeba haidrojeni asilimia 7.6 kwa uzito, aloi hii 1.4 tu. Lakini magnesi huiachia gesi karibu na nyuzi 300. Kwa tangi lisilohama, ambako uzito si tatizo, bado nachagua LaNi5.

Saa 11 jioni natoa gesi yote kwa ombwe, najaza argoni, nafunga vali, ndipo kikombe kinarudi kisandukuni. Unga mlaini namna hii ukikutana na hewa ghafla unaweza kushika moto.