Papa alipoinama

Leo kwenye mafundisho katekista ametueleza mamlaka ya Papa, funguo alizokabidhiwa mtume Petro, Papa wa kwanza, nami mawazo yakarudi Aprili 2019. Nilikuwa sebuleni na mama, taarifa ya habari inaendelea. Papa Fransisko, mzee wa miaka 82, anashikwa mkono ili aweze kuinama, anabusu viatu vya Salva Kiir na Riek Machar, viongozi wa pande zilizopigana, akiwasihi wasiirudishe Sudan Kusini vitani. Mama akaacha kuchambua mchele, ungo mapajani, akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Huyo ni mchungaji kweli, mwanangu."

"Mtumishi wa watumishi wa Mungu", jina analoitwa Papa, nilikuwa nalijua kama cheo tu. Sasa Papa akitajwa katika Sala ya Ekaristi kwenye Misa, naviona vile viatu.